Matajiri wa misafara ya bara: nguvu yao ilitoka wapi hasa?

Mdadisi
Wadau, naomba msaada. Kwenye biashara ya Unguja na bara karne ya 19, matajiri kama Tippu Tip wanasimuliwa kana kwamba bunduki ndiyo iliyowapa kila kitu. Lakini msafara wa mamia ya watu unakula na kulipwa kabla hata pembe moja ya ndovu haijapatikana. Mali ya kuanzia ilitoka kwa nani? Na watemi, yaani watawala wa huko bara, walikubali vipi wapite?

Frasila
Anza na deni, mkuu. Mtaji haukuwa fedha mkononi, ulikuwa bidhaa za mkopo: merikani (kitambaa cha pamba kutoka Marekani), shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Waliokopesha ni matajiri wa Kihindi wa Unguja, kama nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyokodishwa na Sultani kazi ya kukusanya ushuru wa forodha, na baadaye Taria Topan. Malipo yalikuwa pembe za ndovu, na kwa kuwa msafara uliweza kukaa bara miaka miwili mitatu, bei ya mkopo ilipandishwa tangu mwanzo. Mali ikiibwa au wapagazi wakifa kwa ndui, deni lilibaki palepale. Ndiyo maana wengine walihamia kabisa Tabora au Ujiji; kushuka pwani mikono mitupu kulikuwa kujipeleka kwa mdai. Tippu Tip mwenyewe alibeba mali ya Taria Topan, akarudi Unguja 1882 baada ya zaidi ya miaka kumi.

Merikani ilipimwa hivi: shuka ni mikono 4 (mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole), doti mikono 8. Ilifungwa mtumba wa frasila 2 hivi, yaani kilo 32, mzigo wa mpagazi mmoja. Neno mitumba tunalo mpaka leo.

Kirangozi
Frasila kasema kweli kuhusu mtaji, ila njia ilikuwa ya wenyewe. Kila mtemi alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, na Ugogo ndiko ilikouma zaidi kwa sababu maji ni machache na visima vilikuwa mikononi mwa wenyeji. Mashauriano yaliweza kula siku kadhaa, na kila siku ya kukaa ni posho: kibaba cha nafaka kwa kila mtu. Mwenye haraka alilipa zaidi. Mwenye kiburi alinyimwa maji.

Tajiri mwenye akili aliingia kwenye ukoo. Baba yake Tippu Tip, Muhammad bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, nchi ya Tabora. Mrithi wa Fundikira, Mnywa Sere, alipotaka kuwatoza ushuru, Waarabu wa Tabora walimpindua na kumweka Mkasiwa. Hapo ndipo bunduki zilipoamua. Lakini hazikutosha kwa Mirambo, mtemi mwingine wa Wanyamwezi: mwaka 1871 aliifunga njia ya Tabora na Ujiji, na pembe zikakwama.

Mdadisi
Asanteni sana. Na wapagazi? Nimezoea kusoma kuwa wote walikuwa watumwa.

Frasila
Hapana. Watumwa walisafirishwa na kuuzwa, na soko lao Unguja lilifungwa 1873 tu; jambo hilo lisifichwe. Lakini wapagazi wengi wa njia ya kati, ile ya Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, walikuwa Wanyamwezi wa kulipwa, na wao ndio walioshusha pembe pwani kabla ya Waarabu kupanda Tabora. Msimu wa kulima ukikaribia walirudi makwao, na tajiri aliyechelewa kuondoka Bagamoyo alibaki na mitumba bila mabega.

Kirangozi
Niongeze shanga, maana ziliwafilisi wengi. Kila nchi ilikuwa na rangi yake. Samesame, zile nyekundu, zilipendwa sehemu nyingi, lakini rangi isiyotakiwa hata kuku haikununua. Kwa hiyo kabla ya kufunga mizigo waliulizwa waliotoka bara karibuni: huko sasa wanavaa zipi?