Mrejesho: wasichana wamekuja uwanjani

Wakuu, nimerudi. Mimi ni yule mwanafunzi wa uongozi wa michezo, chuo cha michezo Malya, Kwimba. Niliuliza hapa nifanyeje wasichana nao waje kucheza, maana niko kijijini kwa mafunzo ya vitendo na michezo yangu ya jioni inajaa wavulana tu.

Nilimsikiliza dada aliyenijibu hapa kwamba nianze na rede, ule mchezo wa kukwepa mpira huku unajaza chupa mchanga, na kabla ya hapo niwafuate akina mama majumbani. Mpira wa soksi, chupa ya kujaza mchanga, basi! Wasichana 4 wakawa 19 ndani ya wiki tatu. Nilifurahi mno.

Kusogeza muda hadi saa 11 jioni hakukusaidia, ndiyo saa ya kuchota maji. Jumamosi asubuhi ndiyo iliyokubali. Mpira wa pete umeshindikana, hatujapata magoli.

Dada, asante sana, Mungu akubariki.