Yule fundi wa laptopu ameniambia kinachotakiwa kupigwa programu ni MGUU WANGU

Bati la Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka na sijatia kitu tumboni tangu asubuhi, kwa hiyo mkiona herufi zimerukaruka mnivumilie.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule fundi magari wa laptopu, wa pale chini ya mwarobaini, anayevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha, anayepokea simu kwa kusema "niko na mteja wa Masaki" wakati mbele yake kuna bajaji. Nusu yenu humu mmeshaacha hela pale, nusu nyingine mko foleni.

Sasa leo, mbele ya watu, mbele ya mama lishe, mbele ya dogo wa kuosha magari niliyempa buku ya chai kwa mkono wangu, ananitazama juu mpaka chini halafu anasema: "Kaka, gari nimeshaipiga programu. Kilichobaki kupigwa programu ni mguu wako."

Mguu wangu.

Gari ni Benzi E ya 2004, ile ya macho manne. Breki zake ni zile za umeme, SBC: wewe unakanyaga pedali, kompyuta ndiyo inaamua gurudumu lipi libanwe na kwa nguvu kiasi gani. Wiki hii dashibodi ikaanza kuniwakia nyekundu, maandishi makubwa, peleka breki gereji. Nikapeleka. Jamaa akachomeka waya chini ya usukani, akabonyeza vitufe kwa mbwembwe zote, akanywa soda yangu, akatangaza kwamba kontroboksi, ile kompyuta ya breki, "imechoka kifikra", anaiandika upya. Laki tatu na nusu. Maandishi yakafutika. Nikaondoka napiga honi.

Nafika mteremko wa Kimara kushuka Ubungo, maandishi haya hapa. Nakanyaga, pedali inazama mpaka nahisi itatokea kwenye lami. Nakanyaga kwa miguu miwili. Nakanyaga kwa jina la mama yangu mzazi. Gari inakwenda na hamsini zake, mbele yangu lori la saruji. Kuna bodaboda alinipita, akanitazama usoni, akavua kofia. Akavua KOFIA wakuu, heshima za mwisho! Mpaka gari inakubali kusimama nilikuwa nimeshagawa kiwanja cha Kibamba na vyombo vya ndani.

Nikarudi kwake kwa gia namba moja, hazadi zinawaka, wauza karanga wananipita kwa miguu. Nategemea pole. Basi hata kigoda nipewe. Jamaa hakuinuka, anatafuna muhogo. Akachomeka waya, akachungulia kidogo, akafunga laptopu, ndipo akatoa ile kauli yake. Kilichobaki kupigwa programu ni mguu wako! Mama lishe alicheka mpaka mwiko ukazama kwenye maharage. Dogo wa buku alikaa chini kabisa. Na kuna mtu alikuja na kigari chake cha IST, IST!, naye akacheka.

Mguu huu umeshuka Kitonga usiku na Fuso imejaa viazi. Mguu huu! Leo unaambiwa hauna softwea.

Sitaki ushauri wa kiufundi. Nauliza tu, mtu mzima anawezaje kumwambia mtu mzima mwenzake mguu wake upigwe programu, halafu anamkabidhi risiti ya karatasi ya daftari, na kwenye risiti ameandika "huduma imekamilika"? Naomba kuwasilisha.

Sina Gari

Nimekaa siti ya mbele. Leteni bisi.

Shombo la Feri

Pole sana mkuu. Nimefika kwenye bodaboda kuvua kofia nimeshindwa kuendelea. Niko kwenye pantoni hapa watu wananisogelea wakidhani nimepandisha maruhani.

Tozo

Sasa mguu umeshapigwa programu au bado? Naulizia bei. Mama mkwe wangu wake unamsumbua.

Bati la Juu

Tozo, mimi nimenusurika kuzikwa, wewe unaleta mambo ya mkweo. Narudia: alisema MGUU WANGU. Mbele ya watu.

Spana Kumi na Nne

Mwenye uzi hataki ushauri, basi nawapa nyie wengine. Ile SBC ina kaunta ndani yake. Inahesabu kila unapokanyaga breki, ikifika kiwango kilichopangwa kiwandani inawasha maandishi mekundu, hata kama breki unaziona nzima. Mwenye programu sahihi anaweza kuirudisha sifuri, hapo jamaa hakudanganya. Lakini kaunta haikuwekwa kwa urembo. Mota ya pampu inamaliza kaboni zake, vile vipande vinavyoipitishia umeme, na ile chupa ya kutunza presha nayo inazeeka. Ukifuta namba umefuta namba tu, kaboni haziwezi kuota tena. Siku pampu inakata, mfumo wa umeme unajitoa, unabaki na breki za magurudumu ya mbele peke yake kwa nguvu unayoisukuma wewe, na pedali lazima izame. Kwa hiyo pale mteremkoni gari ilikuwa inasimamishwa na mguu mtupu. Jamaa ana mdomo mchafu, ila kiufundi amekaribia.

Bati la Juu

Amekaribia wapi? Nawe utakuwa umekaa chini ya mwarobaini, unakula muhogo huohuo.

Ndugu Mjumbe

Nimeona kitu nashindwa kunyamaza. Benzi walipoleta breki asisti mwaka 1996 walikuwa wamewapima madereva kwenye simuleta, wakaona wengi wakishtuka wanakanyaga haraka lakini hawakanyagi kwa nguvu ya kutosha. Ndiyo wakaweka kitu cha kuusaidia mguu. Yaani mguu wa Bati Wajerumani waliujadili kikaoni kabla hujapata leseni.

Tozo

NIMEKUFA. Mguu una faili Ujerumani.

Sina Gari

Bisi zimeisha, ongezeni.

Ndugu Mjumbe

Halafu kubwa zaidi, nani alikushauri Benzi la 2004? Mei mwaka huohuo Mercedes walitangaza kuyaita magari 680,000 kwa ajili ya hizo hizo breki. Machi 2005 wakaita milioni 1.3, SBC ikiwa mojawapo ya sababu. 2006 wakaitoa kabisa kwenye E, wakarudi kwenye breki za kawaida za busta. Mwenye mali ameikimbia, wewe umeifuata mpaka bandarini na kuilipia ushuru.

IST Daima

Kabla hatujaendelea, mtoa mada aiombe radhi IST. Ameitaja mara mbili, ya pili kwa alama ya mshangao. Mimi breki zikilia naenda maduka ya spea ya Gerezani, nanunua pedi, nafungiwa palepale na inabaki hela ya chipsi kuku. Sijawahi kuvuliwa kofia na bodaboda.

Bati la Juu

IST hiyo ndiyo ilikuwepo pale? Ni wewe ulicheka?

IST Daima

Sina la kusema bila wakili.

Vidole Tisa na Nusu

Mnacheka kwa sababu hamjafika nilikofika mimi. Niliwahi kubadilisha pedi za gari ya hizo breki bila kuuzima mfumo kwanza, maana fundi mkuu aliniambia "fungua tu, ni breki hizo". Mwenye gari akataka kuchukua chaja yake ndani. Akabonyeza rimoti. Milango ikafunguka, pampu ikaamka kujipima, pistoni zikabana, na kidole changu kiko katikati. Fundi mkuu anakuja mbio, sikusikia pole. Anauliza: "Pedi haijapasuka?" Hilo ndilo swali. Mimi sijui programu ya mguu, ninachotaka ni mtu anijibu kuhusu kidole.

Shombo la Feri

Hapana huyu amemshinda Bati. Hamisheni pole zangu.

Priusi Nyeupe

Msiwaone wa laptopu wote matapeli, programu inatengeneza breki kweli. Februari 2010 Toyota waliita magari ya haibridi yapata 437,000 duniani, Priusi ikiwemo, kwa sababu ya programu ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu kujifunga. Ukipita kwenye shimo au pa kuteleza breki ilikuwa inachelewa kushika kidogo. Hakikufunguliwa hata chuma, walichomeka mashine wakaweka programu mpya. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wanajua wanaandika nini.

Mark X Kisirani

Tukifika kwenye kujua wanaandika nini naomba nipishwe. Nilifunga sensa nyingine ya VSC, ule mfumo wa kuzuia gari kuserereka, kwenye Mark X, taa zote za breki zikawaka kwa pamoja, dashibodi ikawa Krismasi. Nikaenda kwa mmoja mwenye kompyuta mbili (mbili jamani, mtu ataacha kumwamini?), akasema kontroboksi imekufa, tafuta laki nane. Nikakaa na hilo jambo moyoni, nikapunguza hata nyama nyumbani. Baadaye mzee mmoja hana hata meza, ana kipande cha waya. Akaniambia egesha pa tambarare, usitikise gari. Akaunganisha matundu ya Ts na CG kwenye soketi ya chini ya usukani kama utaratibu unavyotaka, sensa zikajua upya sifuri yao ilipo, taa zikazima. Elfu kumi. Nikataka kulia. Yule wa kompyuta mbili nikikutana naye nampa salamu tu, maana mke wangu anasali naye.

Bati la Juu

Wakuu turudi kwenye mada. Mtu aliniangalia, akafunga laptopu TARATIBU, akasema mguu wangu...

Kondakta Mstaafu

Mada ipi? Mimi jana trafiki kanisimamisha Mwenge, taa ya ABS inawaka, ananiuliza hii taa ya nini. Namwambia afande, ni ya urembo. Nimeandikiwa.

Tozo

Kondakta hapo ulitaka.

Bibi Harusi Mstaafu

Samahani nimepita tu, lakini mafundi wote baba yao mmoja. Harusi ya mdogo wangu ni LEO saa kumi, mimi ndiye mpambe. Nimeenda kuchukua gauni kwa fundi cherehani, yule wa Sinza mnayemsifiaga, sare ya kamati, kitenge cha laki na ishirini. Mkono mmoja umeishia kiwikoni, mwingine umenifika kwenye kucha. Namuuliza, ananiambia ndiyo mtindo. Namwambia wenzangu wote mikono yao iko sawa. Ananijibu: "Dada, gauni halina kosa, simama wima."

Shombo la Feri

Simama wima 😂😂😂 Weka picha.

IST Daima

Weka picha dada, tusihukumu upande mmoja.

Bati la Juu

Kwa hiyo mguu wangu ndiyo basi?

Mark X Kisirani

Bati subiri kidogo. Bibi Harusi, saa kumi ni sasa hivi, uko wapi?

Bibi Harusi Mstaafu

Niko kwenye gari nje ya ukumbi. Nimeweka picha, iko hapo juu. Atakayecheka Mungu anamuona.

Ndugu Mjumbe

Dada, mimi sijacheka. Ila mbona na shingo iko pembeni?