Buji (plagi za cheche) za kuaminika kwa pikipiki ya zamani hapa Goma

Mkaaji wa Himbi (Goma)
Ndugu zangu, ninatunza Honda CG125 ya zamani, ile ya volti 6 yenye platini (swichi ndogo inayokata umeme ili buji itoe cheche), ambayo nimeirithi kwa baba na ambayo bado inanifikisha Sake na kunirudisha. Shida yake ni buji. Kila ninayoinunua Birere huanza vizuri, kisha baada ya majuma machache inajaa masizi meusi makavu, na asubuhi injini inakataa kuwaka. Muuzaji mmoja ananisifia buji yenye ncha ya madini ya iridiumu, mwingine anasema yoyote inayoingia kwenye uzi inafaa. Ni ipi ninayoweza kuitegemea?

Fundi wa Kadutu (Bukavu)
Ndugu, tafuta nambari kabla ya kutafuta jina la kampuni. Pikipiki hiyo inataka NGK D8EA, au Denso X24ES-U ambayo inalingana nayo. Kwa NGK, D ni uzi wenye kipenyo cha milimita 12, E ni urefu wa uzi wa milimita 19, na 8 ni daraja la joto. Huyo anayekuambia "yoyote inayoingia" usimsikilize, kwa sababu uzi ukiwa mfupi ncha inajificha ndani ya kichwa cha injini na kukusanya masizi, na ukiwa mrefu kupita kiasi pistoni inaweza kuigonga.

Jihadhari pia na kubadilisha kampuni kwa kufuata nambari pekee. Kwa NGK na Denso, nambari ikipanda buji inakuwa ya baridi zaidi, maana yake inaondoa joto haraka kwenye ncha. Kwa Bosch na Champion mambo ni kinyume, nambari kubwa ni buji ya moto zaidi. Iridiumu ni nzuri, na ni kweli cheche yake inaruka kwa volti pungufu, ila kwa bei yake ndiyo inayowavutia sana watengenezaji wa bandia. Buji ya kawaida iliyo halisi inakutosha.

Mkaaji wa mtaa wa Kenya (Lubumbashi)
Mimi ningeweka D7EA, ambayo ni ya moto kidogo, ili masizi yaungue yenyewe. Yangu inazunguka mjini tu na haijanisumbua.

Mzee wa Platini (Goma)
Kwa mwendo wa polepole mjini, shauri la ndugu wa Lubumbashi linaweza kufaa, lakini kwa mtu anayepanda milima na mzigo silikubali, kwani ncha inayopata joto kupita kiasi huwasha petroli kabla ya wakati wake na hatimaye kutoboa pistoni. Masizi makavu yanatoka kwenye petroli iliyozidi. Kama yangekuwa yamelowa oili, ningekutuma kwenye ringi za pistoni. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Safisha kichujio cha hewa, hakikisha choki inafunguka yote, kisha ujaribu jeti kuu (tundu la kabureta linalopitisha petroli) iliyo ndogo kwa hatua moja.

Halafu tazama platini. Mwanya wake uwe milimita 0.3 hadi 0.4, na wa buji 0.6 hadi 0.7. Platini iliyochakaa au kondensa mbovu (kile kifaa cha umeme kinachofanya kazi pamoja na platini) inatoa cheche dhaifu, ya rangi ya machungwa, ambayo itachafua hata buji ya bei ghali.

Mkaaji wa Himbi (Goma)
Asante, mzee. Na bandia nitaitambuaje pale dukani?

Fundi wa Kadutu (Bukavu)
Vuta ile pete ya kuzibia iliyo juu ya uzi: kwenye NGK halisi imebanwa, haichomoki kirahisi kwa vidole. Angalia maandishi kwenye kauri, yawe makali na yaliyonyooka, kisha uitazame ncha kutoka mbele uone kama ncha ya pembeni imekaa sawasawa juu ya ile ya kati. Muuzaji akikukataza kufungua kasha, nenda duka lingine.