Kijana kapangiwa bweni mbali, naona asome kutwa hapa hapa Kigoma. Naomba mawazo

MzeeWaMwalo:
Habari za humu wakuu. Mimi ni mkazi wa Kigoma mjini, shughuli zangu ni dagaa, nanunua mwaloni Kibirizi, wavuvi wanaposhusha, nasafirisha. Kuna kijana hapa nyumbani anaingia kidato cha kwanza. Kapangiwa shule ya bweni, mbali. Mwenyewe hana hamu nayo, na kwa ninavyomjua ni mpole kupita kiasi, huko wataenda kumwonea tu. Nafikiria asome kutwa hapa hapa, jioni awe anashika shika biashara, ajue maisha. Mama wa nyumbani naye yuko upande huo. Je, kutwa itamharibia? Na kubadilisha shule kuna usumbufu? Siku ya kuripoti imeshapita kidogo. Naomba ushauri wa watu wazima, kejeli hapana.

Kapteni_Lipalipa:
Kabla ya ushauri, dagaa bei gani leo? Huku Uvinza tumekaa na mbalamwezi tunaangaliana tu.

Bibi_Mawese:
Mwanangu umefikiri vizuri sana. Mtoto analelewa na mzazi, halelewi na patroni. Mabweni ya siku hizi yanarudisha watoto usiowatambua, anakuja likizo hata kusalimia kasahau. Mimi wangu wote walisoma kutwa, wakirudi wanakamua mawese na mimi, na hakuna aliyelala njaa mpaka leo. Akae nyumbani.

Bani_la_Urambo:
Mimi nitasema langu. Nilisoma kutwa huko Urambo, kilomita nyingi kwa miguu, baba mkulima wa tumbaku. Watu wa mjini hawajui tumbaku ilivyo na shule. Majani yakishaiva hayasubiri mtihani. Yanachumwa, yanafungwa, yanaingia bani, kibanda cha kukaushia, na moto wa bani lazima mtu aukeshee. Huyo mtu ndio mimi. Asubuhi darasani nanuka moshi, mwalimu ananiita "bani", ndipo jina hili lilipotoka. Halafu Januari shule inataka michango wakati mzee hana hata senti, maana pesa ya tumbaku mpaka masoko yafunguliwe. Tulikuwa tunarudishwa nyumbani watoto wa wakulima, watoto wa watumishi wanabaki. Si kwamba walikuwa na akili, mshahara wao ulikuwa unatoka kila mwezi. Kutwa naijua mimi.

MzeeWaMwalo:
Asante kaka Bani, ila michango siku hizi haipo. Na biashara yangu haikeshi kama tumbaku.

Kapteni_Lipalipa:
Dagaa hawakeshi? Mkuu, wewe kweli wa Kibirizi?

Mwl_Chaki:
Naomba niulize kama mwalimu. Bweni ipi? Kuna bweni na bweni. Ipo ya mzazi kulipia, ipo ya serikali ambayo mtoto anapangiwa. Fomu ya kujiunga umeishika mkononi?

MzeeWaMwalo:
Fomu ninayo. Ni ya serikali, ipo Tabora. Jina la shule sioni kama lina umuhimu, hoja yangu ni umbali.

Mwl_Chaki:
Mtoto wa kiume, katoka Kigoma, kidato cha kwanza, bweni ya serikali, Tabora. Mkuu, hiyo ni shule ya vipaji maalumu. Hawapeleki mtoto kule kwa bahati mbaya. Amepata nini la saba?

MzeeWaMwalo:
A tano na B moja. Alisoma Kayumba, shule ya msingi ya serikali ya kawaida tu. Sikutaka kulitanguliza hilo kwa sababu najua humu likishasikika "vipaji" kila mtu anapandwa na mori, mazingira ya mtu hayaangaliwi tena.

Dada_Isevya:
Mwangaluka! Mimi niko Isevya, Tabora hapa hapa. Kaka, umeificha dhahabu chini ya godoro halafu unatuomba ushauri wa kununua shaba. Tabora Boys waliianzisha Waingereza miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, waandaliwe kutawala chini ya mkoloni. Mtoto wa mchuuzi wa dagaa hata getini asingesogea. Nyerere mwenyewe alipoingia 1937 alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, na waliokuwa nyuma yake kule Butiama, wenye akili kama zake, hatuwajui hata majina. Leo serikali inamwita mtoto wako kwa jina lake. Ada hakuna tangu Januari 2016, na chakula cha bweni serikali inagharamia. Unadaiwa nauli ya treni, godoro, ndoo, fyekeo na madaftari. Kama tatizo ni ugeni, sisi tuko huku, ataonwa.

Mzee_wa_UPE:
Dada umenikumbusha mbali. Sisi tulioanza baada ya Azimio la Musoma la 1974, lile la UPE, elimu ya msingi kwa wote, tulijazwa darasani kama viazi. Mwalimu wangu wa la pili alikuwa kamaliza la saba juzi juzi tu, UPE wenyewe tukaiita Ualimu Pasipo Elimu. Lakini nawaambia, mtoto wa mkuu wa wilaya alikaa kwenye tofali karibu na mimi. Karibu na mimi kabisa! Leo mkuu wa wilaya gani mtoto wake yuko Kayumba? Tukisema madarasa sasa yana sakafu tunajisifu, ila wenye nacho wameshahama, wametuachia sakafu.

Bibi_Mawese:
Hata kama ni ya machifu, mtoto mpole ni mpole. Mimi nasimama pale pale.

Mha_Halisi:
Mwakeye bibi. Mimi kuna kitu kinanikwaruza. Mleta mada kaandika "kuna kijana hapa nyumbani". Kaandika "mama wa nyumbani". Hakuna mahali kasema "mwanangu". Kaka, huyu mtoto ni nani wako?

MzeeWaMwalo:
Nilijua tutafika huku. Ni mtoto wa marehemu dada yangu wa Buhigwe. Nimekaa naye tangu darasa la tatu. Anakula tunachokula, analala ndani, havai matambara. Sasa kama mnataka kunifanya mjomba wa kwenye hadithi za kale, semeni.

Mha_Halisi:
Hakuna aliyesema. Wako wa kuwazaa wanasoma wapi?

MzeeWaMwalo:
Hilo halihusiani na mada.

Mha_Halisi:
Ndiyo mada yenyewe hiyo.

MzeeWaMwalo:
Sawa. Nina binti, wamelingana umri. Yeye nilimpeleka shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea, basi linamfuata mlangoni. Nimejinyima sana kwa ajili ya ile ada. Kijana nilimwacha Kayumba kwa sababu alikuja amekua, asingeweza kuanza Kiingereza darasa la tatu, angerudishwa nyuma. Nao wamemaliza la saba mwaka mmoja. Binti kapangiwa shule ya kata hapa mtaani. Sasa nyie wenye busara niambieni, hiyo nyumba itakalika? Mama yake haongei tangu matokeo. Mtoto wa watu apande treni kwenda kwa wenye vipaji, wa kwangu niliyemlipia ashuke mguu kwenda kata? Nilichoona ni wasome wote kutwa, shule moja, waende pamoja warudi pamoja. Sare za kijana nimeshashonesha. Nimeshaongea na mtu pale shuleni. Sioni dhambi hapo, ni kusawazisha.

Kapteni_Lipalipa:
Kusawazisha kwa kumshusha aliye juu. Haya.

Msomi_Mstaafu:
Naomba niingie kidogo. Kulikuwa na mwanasosholojia wa Ufaransa, Pierre Bourdieu, alifariki 2002. Alikuwa mtoto wa mtu wa posta kijijini, kwa hiyo alijua alichokuwa anakisema. Kwa kifupi, shule inapima vitu ambavyo yenyewe haivifundishi: namna ya kujieleza, kutomwogopa mwalimu, kuzoea vitabu. Mtoto wa wenye nafasi anavitoa sebuleni kwao. Shule ikiviona inavipa alama na kuviita akili, na yule asiyekuwa navyo anaambiwa hana kichwa, hata yeye mwenyewe anakubali. Akaviita mtaji wa utamaduni. Mleta mada alikuwa anamnunulia binti yake mtaji huo kwa ada. Si kosa, wazazi wote wenye uwezo wanafanya.

Kapteni_Lipalipa:
Huyo Mfaransa aliwahi kuanika dagaa?

Bani_la_Urambo:
Na mbona hapa mtaji umeshindwa? Binti kanunuliwa Kiingereza chote hicho, kijana kampita.

Mwl_Chaki:
Haujashindwa, haujaanza kufanya kazi. Mtihani wa la saba kila mtoto anafanya kwa lugha aliyosomea. Kijana kafanya kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza, na hapo nimeona mengi. Mtoto aliyekuwa wa kwanza Kayumba anakaa miezi kimya, baiolojia anaijua ila hana maneno ya kuisemea. Wa mchepuo wa Kiingereza ananyoosha mkono hata asipojua jibu. Ukiwaweka hawa wawili shule moja ya kutwa, wa kwako ana kamusi, ana muda, jioni yuko sebuleni. Mwenzake yuko kwenye chanja za dagaa. Mwaka ukiisha utasema "mnaona, hakuwa na kipaji". Bweni ile karibu wote wametoka kwenye Kiswahili kama yeye, na jioni kila mtu anajisomea, hakuna wa kumtuma.

Na hili la "hana hamu", alisemaje kwa mdomo wake?

MzeeWaMwalo:
Nilimwita, nikamwambia mjomba mimi naona ubaki, wewe unaonaje? Akasema, "Mjomba, ukisema nibaki nitabaki." Ndiyo maneno yake. Sijamlazimisha.

Mha_Halisi:
Kaka, wewe ni Muha kama mimi. Mtoto aliyelelewa Buhigwe, yatima, anakula kwako, umeshamtangulizia unachokitaka, ulitegemea akujibu nini? Alikuwa ameangalia chini wakati anasema?

MzeeWaMwalo:
Watoto wote wenye adabu wanaangalia chini.

Mchunguzi_Huru:
Nimesoma uzi wote kwa utulivu. Wakuu, hii ni chai, hadithi ya kutunga, na haina hata tangawizi. Moja, mtoto anayehangaika na dagaa alfajiri anapata A tano, aliyesoma kwa basi la mlangoni anaangukia kata? Hesabu zinakataa. Mbili, nimepekua nyuzi zake. Mwaka jana huyu huyu MzeeWaMwalo aliandika "Natafuta mchumba, sijawahi kuoa, niko Tabora, awe mcha Mungu". Leo ana mke asiyeongea na binti aliyemaliza la saba. Huyo binti alizaliwa la saba?

Kapteni_Lipalipa:
😂😂😂 Kamaliza huyu. Ndio maana bei ya dagaa hakunijibu!

Bibi_Mawese:
Jamani na mimi nilishamwombea.

MzeeWaMwalo:
Ile ilikuwa ya shemeji yangu, simu tulikuwa tunatumia wawili. Sina haja ya kuwadanganya watu nisiowajua. Dagaa wakavu sokoni wamepanda kwa sababu ya mbalamwezi, mawimbi yakitulia na giza likirudi watashuka. Umeridhika Kapteni?

Kapteni_Lipalipa:
Hapo umejibu kama mtu wa mwalo. Mimi nimerudi upande wako kwa muda.

Mwl_Chaki:
Mchunguzi, la mchumba sina jibu. La kwanza ndilo limeniuma. Nimefundisha shule ya pembeni ya ziwa. Nilikuwa na mtoto anakuja na magamba yamekauka kwenye kola ya shati, anasinzia kipindi cha kwanza, kipindi cha pili anakokotoa kichwani kuliko mimi, kwa sababu toka akiwa mdogo anahesabu visado na chenji. Wewe ukimwona unasema hesabu zinakataa. Hesabu gani?

Mchunguzi_Huru:
Mwalimu mmoja mmoja wapo, ila kwa kawaida?

Dada_Isevya:
Kwa kawaida ndiyo hawachaguliwi, na akichaguliwa mmoja mnamwita chai. Sijui ni ya kweli au ya uongo, mimi nataka kujua kitu kimoja. Mleta mada, nafasi haikungoji mpaka upate amani na mkeo. Piga simu ya kwenye fomu kesho, eleza kachelewa. Na mtendaji wa kata akija kuuliza mtoto aliyechaguliwa yuko wapi, utamwonyesha sare uliyoshonesha?

Mzee_wa_UPE:
Na binti msimsahau, naye hana kosa. Kata si kaburi. Mpwa wangu katoka kata ya Kakonko, leo ni nesi.

MzeeWaMwalo:
Mnaongea kama vile nimeshaamua kumnyima. Sijasema haendi. Nimesema naona. Mmenibebesha mpaka Wafaransa. Nani atamweleza mama yake binti, nyie?

Bibi_Mawese:
Mlete kwangu huyo mama, Mwanga sokoni ananijua kila mtu, waulize tu bibi wa mawese. Mimi nitakaa naye mwanamke kwa mwanamke. Ila bado sipendi bweni.

MzeeWaMwalo:
Nitafikiria. Dada wa Isevya, godoro la mbili na nusu kwa sita huko Tabora shilingi ngapi? Kulibeba kwenye treni toka huku ni mzigo.

Dada_Isevya:
Lipo la kila bei, inategemea unene. Nikapite dukani kesho nikutumie bei? Maana yake anakuja?

MzeeWaMwalo:
Nimeuliza bei.