Ruta gani ya nyumbani inakubali OpenWrt? Nipo Dodoma, nanunua mwisho wa mwezi

Mwalimu_Nkuhungu

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Nipo Nkuhungu. Uani nina vyumba viwili vya wapangaji na intaneti tunachangia: kisanduku cha 4G cha kampuni ya simu, nimekiweka dirishani sebuleni kwa sababu ndipo kinaposhika mawimbi. Nyuma yake nimechomeka ruta ndogo ya kusambaza.

Jioni mpangaji mmoja akianza kupakua kitu kikubwa, mimi niliye kwenye kikao na walimu wenzangu naganda. Wananiona mdomo umefunguka, sauti hamna. Hilo ningelivumilia. Linaloninyima usingizi ni kwamba ruta yenyewe mara ya mwisho kuletewa programu mpya ilikuwa 2018. Nimeingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, kimya. Mashine ni nzima, taa zote zinawaka, lakini tundu lolote la usalama lililogunduliwa tangu mwaka huo halijazibwa, na humo ndimo zinamopita nywila zangu na picha za wanangu.

Nimesoma habari za OpenWrt, kwamba ni programu ya chanzo huria unayoiweka kwenye ruta badala ya ile iliyokuja nayo, na matoleo mapya yanaendelea kutoka hata kama kiwanda kimekusahau. Hicho ndicho nakitaka. Nina 180,000. Ninunue ipi?

kelvin_areaC

Chukua TL-WR841N ya TP-Link, rahisi na imara. Niliiwekea OpenWrt nikiwa chuo, ilikubali bila shida.

Fundi_Majengo

Kelvin hakudanganyi, Mwalimu, ila ushauri wake ni wa zamani na utakuingiza hasara.

WR841N si mashine moja. Jina ni lile lile, boksi linafanana, lakini ndani imebadilishwa mara nyingi. Toleo la 13 lina flashi (hifadhi ya kuwekea programu) ya megabaiti 8 na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya megabaiti 64. Toleo la 14, lililokuja baadaye, limerudi kwenye 4 na 32. OpenWrt ya sasa haiingii kwenye 4 na 32, OpenWrt mpya kwa mashine hizo haitolewi tena. Ungeinunua ungerudi palepale ulipo: programu ya zamani, mashine mpya.

Kwa hiyo usiende dukani na jina la ruta, nenda na namba ya toleo. Geuza ruta, chini kuna stika, tafuta palipoandikwa "Ver". Usiamini boksi, maana boksi na mashine vinaweza kuwa vimechanganywa. Kisha, ukiwa hapo hapo kaunta, fungua orodha ya mashine kwenye openwrt.org na utafute jina pamoja na toleo. Halipo, rudisha. Muuzaji akinuna, mwache anune, hela ni yako.

Flashi ya 16 na RAM ya 128 ndiyo iwe chini yako kabisa. Halafu angalia chipu, yaani ubongo wa ruta, imetengenezwa na nani. MediaTek zina dreva (programu za kuendesha kifaa) huria nzuri za Wi-Fi. Broadcom zikwepe: ruta inaweza kuwaka na OpenWrt lakini Wi-Fi ikawa ya kusuasua au isiwepo kabisa, kwa kuwa dreva zake nyingi hazikuachiwa wazi.

Nilizozishika kwa mkono wangu: Archer C6 ya TP-Link toleo la 3, ina chipu ya MediaTek MT7621, 16 na 128. (Toleo la 2 lina chipu ya Qualcomm, msije mkalichanganya.) Na Cudy WR3000 toleo la 1, chipu mpya zaidi, RAM 256. Hiyo nayo ikiwa na herufi nyuma ya namba, ujue ni mashine nyingine.

Kuganda kwako kunatibika kwa kifurushi cha OpenWrt kinachoitwa SQM, kinachopanga foleni ya intaneti. Pima spidi jioni, saa ile mnayoteseka, kisha iambie ruta itumie pungufu kidogo ya ulichopima. Foleni inahamia kwenye ruta yako, nayo inagawa kwa haki.

Iyumbu_2

Mwalimu shikamoo. Niongezee la umeme. Soma kwenye chaja ya ruta kama ni volti 12 au 5, ndipo ununue betri yake ndogo ya akiba inayolingana. Na siku ya kuflashi, yaani kuiandikia ruta programu mpya, tumia waya wa mtandao (LAN), usitumie Wi-Fi, na usianze mawingu yakiwa yametanda. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, ruta inaweza kufa.

Mwalimu_Nkuhungu

Marahaba mwanangu, na asante sana Fundi. Umeniokoa, WR841N nilikuwa nimeshaomba niwekewe.

Mwalimu_Nkuhungu (wiki tatu baadaye)

Narudisha mrejesho, maana wapo watakaopita hapa na shida kama yangu.

Nilipata WR3000. Duka la kwanza stika ilikuwa na herufi nyuma, nikairudisha. La pili ikawa yenyewe, Ver 1.0. Programu yake ya kiwandani haikubali faili la OpenWrt moja kwa moja, unaanza na lile lililotiwa saini na Cudy wenyewe, ukishaingia ndipo unaweka la openwrt.org bila kutunza mipangilio ya mwanzo. Nilifanya Jumamosi asubuhi, ruta ikiwa kwenye betri.

Mambo mawili yalinishtua. Ilipowaka Wi-Fi haikuonekana kabisa, kumbe OpenWrt huja nayo ikiwa imezimwa, unaiwasha mwenyewe kwa kupitia waya. Na intaneti ilikataa hadi nilipogundua kisanduku cha dirishani kinatumia anwani ya 192.168.1.1, sawa na ruta mpya, zikagongana. Niliibadilisha ya kwangu kuwa 192.168.2.1, ikapita.

Wapangaji nimewatengea mtandao wao, unatoka nje tu, kompyuta zetu hauzioni. Nimewaeleza kwa nini, wakaelewa. Spidi saa mbili usiku nilipima megabiti 18 kwa sekunde kushuka na 6 kupanda, kwenye SQM nikaandika 15 na 5.

Jana kikao kilikwenda saa nzima. Mpangaji alikuwa anapakua, nilimuuliza baadaye, na hakuna aliyeniambia "Mwalimu, hatukusikii."

Fundi_Majengo

Hongera sana. Sasa nakili mipangilio yako uiweke pembeni: System, kisha Backup. Toleo jipya la OpenWrt likitoka utaihitaji.