Kushuka Nairobi na 727 isiyo na kompyuta: mara tatu, kiwango kimoja, au breki za hewa?

Kipanga_Embakasi
Wakuu, habari za jioni. Tulinganishe mbinu za kushuka kwa jeti za zamani kwenye simuleta, hasa Boeing 727 ya injini tatu, ruti ya Mombasa–Nairobi kwa futi 28,000. Humo ndani hakuna kompyuta ya kukuchorea mteremko. Una DME (kifaa kinachokusomea umbali hadi kituo cha redio), saa ya mwinuko na hesabu za kichwa. Naona kambi tatu. Wapo wa "mara tatu": chukua maelfu ya futi, zidisha kwa tatu, hizo ndizo maili za kuanzia kushuka, kisha punguza nguvu za injini hadi chini kabisa uteleze. Wapo wanaochagua kiwango kimoja, tuseme futi 1,800 kwa dakika, wakaiachia otopailoti. Na wapo wanaokaa juu hadi dakika za mwisho, halafu wanavuta breki za hewa, yale mabamba ya juu ya bawa yanayoinuka kuikamata hewa. Kwa JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, ipi inafaa? Nataka sababu, si "mimi hufanya hivi tu".

Mzee_wa_Trijet
Mara tatu, ila usiinakili ilivyo kwenye video. Nyingi zinaonyesha viwanja vilivyo karibu na usawa wa bahari, na JKIA iko futi 5,330. Kwa hiyo unachozidisha si 28, ni karibu 23: maili 69. Ongeza maili moja kwa kila noti 10 (noti ni maili ya baharini kwa saa) za kasi unazotaka kupunguza. Kutoka noti 280 hadi 160 hizo ni 12 zaidi, basi anza kwenye 81.

Hiyo ni sehemu rahisi. Kinachowamaliza watu Nairobi ni ile kanuni ya noti 250 chini ya futi 10,000. Mtu anateremka na 300 hadi 10,000 ndipo anaanza kupunguza. Mombasa haina neno, kule futi 10,000 zinakupa maili 30 za kupumua. Hapa kwetu futi 10,000 ni 4,670 tu juu ya uwanja, yaani maili 14 hadi kwenye lami. Ndani ya maili 14 upunguze kutoka 300, utoe flapu (vile vibawa vya nyuma ya bawa) hatua kwa hatua, ushushe magurudumu, utulie kwenye ILS, ile miali ya redio inayokuongoza hadi njia ya kutua? 727 ni laini mno, hewa haiishiki. Flapu zikiwa ndani haikubali kushuka na kupunguza kasi kwa pamoja. Nikienda Nairobi, nikipita futi 15,000 nataka niwe tayari kwenye 250. Hapo nina maili 29 mbele yangu.

Dada_Rongai
Shikamoo mzee. Nakuunga mkono, na kuna kituko humo. Asiyejua hayo yote atafanya 28 mara tatu, apate 84, aanzie huko, na afike vizuri kabisa! Kusahau mwinuko wa uwanja na kusahau maili za kupunguza kasi kumefutana. Anajiona bingwa. Kesho anageuza safari, futi 29,000 kwenda Mombasa, anaanza kwenye 87 wakati anahitaji 99. Mtamkuta juu ya Port Reitz, ulipo uwanja wa Mombasa, bado ana futi elfu nne za ziada.

Halafu maili ni za njia utakayopita, si zile DME inazokusomea. Ukitoka Mombasa ukapewa kutua njia ya 06, ile inayoelekea kaskazini-mashariki, unaupita uwanja kwa kando, unazungukia huku kwetu kusini-magharibi, ndipo unarudi juu ya mbuga. Mzunguko huo uhesabu.

Mwana_Pwani
Mie ni wa breki za hewa na sioni haya. Zimewekwa zivutwe, hazikuwekwa pambo. Nyie wa bara mnapenda hesabu kama mnalipwa.

Mzee_wa_Trijet
Zivute, bwana, nani kakukataza? Swali ni lini. Ukinzani wa hewa unakwenda na kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo breki ileile kwenye noti 300 inakukamata mara mbili ya inavyokukamata kwenye 210. Ukijiona uko juu, vuta mapema ungali na mbio, shuka mpaka urudi kwenye mstari, ndipo upunguze. Wengi hufanya kinyume: wanapunguza kwanza, wanavuta breki kwenye 210, halafu wanalalamika kwamba ndege imetengenezwa vibaya. Na kwenye 727 flapu zikishatoka, breki ya hewa irudishe ndani.

Fundi_wa_Namba
Hiyo ya kiwango kimoja sioni wa kuitetea. Futi 1,800 kwa dakika ukiwa na kasi ya ardhi (mwendo wako ukipimwa juu ya ardhi) ya noti 450 ni futi 240 kwa kila maili, mteremko mchanga. Ukifika 250 bila kubadilisha kitu, ni futi 432 kwa maili, umeshakuwa mkali. Mteremko wa nyuzi tatu unataka kama 318. Kama lazima utumie otopailoti, zidisha kasi ya ardhi kwa tano na urekebishe kila mara: 450 inataka 2,250, 250 inataka 1,250.

Hiyo tano ndiyo inaonyesha Nairobi ilivyo. Noti 140 kwenye saa ya kasi, siku ya nyuzi 25 za joto, ni kama 157 halisi kwa sababu hewa ni nyepesi. Hapo ILS inataka futi 785 kwa dakika, wakati Mombasa ungeshuka na 700 hivi. Usishtuke ukiona sindano imezidi.

Kipanga_Embakasi
Asanteni. Injini kuziacha chini hadi karibu na lami kuna ubaya gani? Kwenye simuleta naona wengi wanafanya.

Mzee_wa_Trijet
Kasome ajali ya ndege ya United, safari namba 227, Salt Lake City, Marekani, tarehe 11 Novemba 1965. Ilikuwa 727, uwanja wa juu pia, zaidi ya futi 4,200. Rubani aliiacha ishuke kwa kasi ya kupita kiasi, wakachelewa kuikamata, ikagonga chini kabla ya njia ya kutua. Watu 43 kati ya 91 walifariki. Injini za 727, zile JT8D, zikiwa chini kabisa huchukua sekunde kadhaa kuamka, na hizo sekunde huna. Ndiyo maana nataka flapu na magurudumu yatoke mapema: yanakulazimisha kubeba nguvu kidogo. Futi 1,000 juu ya uwanja, saa ya mwinuko ikisoma 6,330 hivi, injini ziwe zimeshaamka. Kama bado, ondoka uzunguke tena.

Mwana_Pwani
Sawa mzee, nimekuelewa. Na DC-8, ile jeti ya zamani ya injini nne, je? Nasikia haina breki za hewa kabisa.

Fundi_wa_Namba
Angani haina, zile za kwenye bawa ni za ardhini. Yenyewe iliruhusiwa kugeuza msukumo wa injini mbili za ndani ikiwa hewani, na tumbo lako litajua. Kwa tabia yako wewe chukua Fokker F28, jeti ndogo ya zamani. Mkia wake unafunguka pande mbili kama breki, na unaweza kuuacha wazi hadi unatua, flapu zikiwa nje.

Kipanga_Embakasi
La mwisho: upepo wa mgongoni?

Dada_Rongai
Maili moja zaidi kwa kila noti 10. Ukiwa na 40, ile 81 ya mzee inakuwa 85. Wa usoni, toa hivyo hivyo.