Kisu cha kukunja au cha wembe wa kusukuma? Nanunua Jumamosi

Mwenyeduka_T: Wakuu habari za jioni. Kisu changu kimekwisha makali kabisa, nataka kuchukua kingine Jumamosi. Nasita kati ya cha kukunja na kile cha plastiki cha wembe wa kusukuma, unaovunja kipande kikiwa butu. Kipi kinafaa kwa vitu vigumu?

FundiKinoo: Vitu vigumu vipi, mkuu? Unakata nini, bajeti kiasi gani, uko bara au pwani?

DadaJumla: Kama ni maboksi na viroba, chukua cha wembe. Boksi laonekana laini lakini linakula makali vibaya, maana karatasi yake ni ya kurejelezwa na ina vumbi na mchanga ndani. Nafungua mizigo kutwa, kisu kizuri kinakuwa butu kabla ya adhuhuri. Wembe navunja kipande, kazi inaendelea.

Mwenyeduka_T: Niko Tanga, duka la vifaa vya ujenzi na kilimo. Kamba za mkonge na nailoni, mipira ya maji, madumu, na tairi chakavu wateja wakitaka vipande.

Makatambuga: Kwa tairi achana na wembe. Ni mwembamba, unapinda ndani ya mpira na kukatika. Mimi tairi ndiyo riziki yangu. Tairi nyingi za gari ndogo zina nyuzi za chuma chini ya kashata, ile sehemu inayokanyaga barabara, hapo kisu hakipiti, kata ubavuni. Za malori ya siku hizi chuma kinapanda hadi ubavuni, hizo ni za msumeno wa chuma. Paka makali maji ya sabuni, mpira hautang'ang'ania.

Na cha kukunja kiwe na loki ya kushika wembe ukishafunguka. Jirani yangu kibandani alinunua cha bei chee chenye springi tu. Alikuwa anatoboa ubavu wa tairi kwa ncha, kisu kikakwama. Alipokitikisa ili akichomoe, kikajikunja juu ya vidole vyake. Tulimfunga kanga, bodaboda ikamkimbiza hospitali. Kano ya kidole cha shahada ilikuwa imekatika. Alishonwa, lakini mpaka leo kidole hakikunjiki sawasawa, na mkono huo ndio aliokuwa akishonea viatu. Kazi sasa anafanya mdogo wake. Ukiwa dukani fungua kisu, bonyeza mgongo wake juu ya meza kama unataka kukifunga. Kikirudi, kiache hapo hapo.

DadaJumla: Pole yake sana. Lakini mwenye duka atakata tairi mara ngapi kwa mwezi? Maboksi ni kila siku.

Baharia_Mstaafu: Chukua Opinel, kisu cha kukunja cha Mfaransa, ina pete ya kuzungusha shingoni mwa mpini, ikishafungwa hairudi. Ila usichukue ya chuma cha kaboni. Inanoleka upesi, lakini kwa chumvi ya Tanga itashika kutu hata ikiwa mfukoni. Chukua ya chuma cha pua. Kwa kamba, tafuta kisu chenye makali ya meno.

FundiKinoo: Meno hapana, mzee wangu. Yakishakuwa butu utayanoa na nini? Kinoo bapa hakiingii humo. Makali ya kawaida yaliyonolewa kwa kinoo kikavu cha chembe kubwa, bila kulainishwa sana, yanauma kamba vizuri. Na kutu ni uvivu wa kupaka mafuta tu.

Baharia_Mstaafu: Kwenye mashua hakuna wa kukaa na kinoo, kijana. Kamba ikimnasa mtu mguu unakata hapo hapo.

Mkonge_Damu: Kamba ya mkonge iheshimuni. Mwaka 1893 Mjerumani Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikapona 62 tu, na mashamba yote yale yakaanzia hapo. Nyuzi zake zinaua makali, ila hazitelezi kama nailoni. Kwa mbuzi na mizigo sibadilishi.

DadaJumla: Mkonge ukilowa unaoza. Nailoni unachoma ncha kwa kiberiti, haifumuki.

Mkonge_Damu: Nailoni juani inakatika vilevile, dada. Itazame baada ya kiangazi kimoja.

Mwenyeduka_T: Kile cha loki nimekielewa. Na madumu je? Plastiki yake huwa inateleza.

Makatambuga: Anza kwa kutoboa tundu, kisha uvute kisu kwenda pembeni, mwili usiwe mbele ya makali. Unatumia cha kukunja kipi sasa hivi?

DadaJumla: Mkonge_Damu, huko Tanga rola ya kamba ya mkonge kwa jumla ni bei gani siku hizi?